Kirusi si bakteria mdogo

Kila mlipuko wa ugonjwa unapotangazwa, maneno virusi, bakteria na vijidudu huanza kutumika ovyo kana kwamba ni kitu kimoja. Mtu anaambiwa homa yake imesababishwa na virusi, anatoka hapo moja kwa moja kwenda kutafuta antibayotiki. Mwingine anasikia leo kwamba sabuni inaangamiza kirusi fulani, kesho anasikia kuna kirusi kingine kisichobabaishwa na kitakasa mikono, naye anahitimisha kuwa wataalamu wenyewe hawaelewani. Na wapo wanaouliza swali zuri kabisa: kwa nini aliyechanjwa surua utotoni hukaa na kinga hiyo miaka mingi, ilhali chanjo ya mafua hurudiwa kila mwaka?

Maswali haya yana chimbuko moja. Yote yanategemea kirusi kimeundwaje: ndani kimebeba nini, na nje kimevaa nini. Ukishika mambo hayo mawili, sehemu kubwa ya utata inajipanga yenyewe.

Tuanze na maana. Kirusi ni maelekezo ya kurithisha yaliyofungwa ndani ya ganda la protini. Maelekezo hayo yameandikwa kwa DNA au kwa RNA, yaani kemikali zilezile ambazo viumbe vyote huzitumia kuhifadhi na kusafirisha taarifa zao za jeni. Ganda hilo huitwa kapsidi. Baadhi ya virusi huvaa pia utando wa mafuta juu ya kapsidi. Basi, vitu vya lazima vinaishia hapo. Kirusi hakili, hakipumui, hakikui, na hakina kiungo cha kutengenezea nishati wala cha kuundia protini.

Bakteria ni jambo jingine kabisa. Ni seli kamili, hata kama ni moja tu: ana utando wake, kwa kawaida na ukuta, ana ribosomu za kuundia protini, anatumia chakula, anajigawa mwenyewe kuwa wawili. Wapo bakteria wanaoishi miaka nenda rudi kwenye udongo au maji bila kumhitaji kiumbe mwingine yeyote. Kirusi bila seli hakifanyi lolote.

Chukulia seli kuwa ni karakana ya ushonaji. Ina mafundi, cherehani, vitambaa na umeme, na kazi yote inafuata michoro inayotoka ofisini. Kirusi hakina fundi wala cherehani. Ni mchoro tu uliotiwa kwenye bahasha. Ukishaingia karakanani, mafundi hawaulizi umetoka kwa nani. Wanatengeneza kilichochorwa, na kilichochorwa ni mchoro mwingine kama huohuo, pamoja na bahasha yake.

Hapo ndipo hujitokeza lile swali la mitihani: je, kirusi ni kiumbe hai? Mwaka 1935 mkemia Mmarekani Wendell Stanley alikigeuza kirusi cha batobato ya tumbaku, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, kuwa fuwele, kama mtu anavyofanya kwa chumvi, na fuwele hizo zilipoyeyushwa na kupakwa kwenye majani, mmea uliugua. Kitu kinachoweza kuwekwa kwenye chupa kama kemikali halafu kikazaana kikikutana na jani si rahisi kukiweka upande mmoja wa mstari. Kwa maoni yangu swali hili limepewa uzito usiostahili. Nje ya seli hakina dalili ya uhai. Ndani ya seli kinazaana na kubadilika vizazi kwa vizazi. Ukilijua hilo, jina utakalokipa halibadilishi chochote katika kinachotokea.

Kirusi hichohicho cha tumbaku ndicho kilichofungua somo zima. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky, Mrusi, alikamua majani yenye ugonjwa wa batobato na kupitisha majimaji yake kwenye kichungio cha kauri chenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hawapiti. Majimaji yaliyochujwa bado yaliambukiza. Yeye alidhani huenda ni sumu ya bakteria iliyopenya. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alirudia jaribio hilo na kuuliza swali la ziada: je, maambukizi yanapungua nguvu yakihamishwa kutoka mmea hadi mmea? Sumu ingezimuliwa hadi ikaisha. Hii haikupungua, iliongezeka, tena ndani ya tishu hai tu. Mwaka huohuo Friedrich Loeffler na Paul Frosch wa Ujerumani walionyesha kwamba ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe nao hupenya kichungio namna hiyo. Kwa hiyo virusi vilijulikana kwa tabia zake miongo minne kabla ya mtu yeyote kuviona. Picha za kwanza zilipatikana mwaka 1939, hadubini ya elektroni ilipoelekezwa kwenye kirusi kilekile cha tumbaku.

Kilichochelewesha picha ni udogo. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Hadubini ya kawaida, inayotumia mwanga, hushindwa kutofautisha vitu vilivyo chini ya nanomita 200 hivi. Bakteria wa kawaida wa utumbo ana urefu wa nanomita 2,000, kwa hiyo anaonekana. Kirusi cha mafua kina kipenyo cha karibu nanomita 100. Cha polio kina nanomita 30 tu: ili kujaza milimita moja ungepanga zaidi ya 33,000 kwa mstari.

Lakini udogo si kigezo cha kuwa kirusi. Mwaka 1992, katika maji ya mnara wa kupozea hewa mjini Bradford, Uingereza, kilipatikana kitu kilichoonekana kwa hadubini ya kawaida ndani ya amiba, kiumbe cha seli moja, nacho kikahesabiwa kuwa bakteria. Ilichukua hadi 2003 kutangazwa kwamba ni kirusi, kikaitwa Mimivirus, chenye maelekezo yenye herufi, yaani vipande vya kemikali vinavyosomwa kwa mpangilio, zaidi ya milioni 1. Baadhi ya bakteria wana maelekezo mafupi kuliko hayo. Hata hivyo hakina ribosomu. Mchoro wake ni mrefu, lakini bado kinategemea karakana ya mwingine.

Sasa ganda. Hapa ningeomba msomaji atulie kidogo, maana kuna hesabu moja inayoeleza kwa nini virusi vina maumbo ya kupendeza hivyo, yenye ulinganifu kama vile vimechongwa.

Kirusi cha batobato ya tumbaku ni kijiti chenye urefu wa nanomita 300. Maelekezo yake, ya RNA, yana herufi takriban 6,400. Ganda lake limejengwa kwa vipande 2,130 vya protini, vyote vikiwa vya aina moja, vimepangwa kwa kuzunguka RNA kama ngazi ya mzunguko. Kila kipande kina amino asidi 158, ambazo ndizo matofali ya protini, na kila amino asidi huhitaji herufi tatu, kwa hiyo kuandika kipande kimoja kunagharimu herufi 474. Kama kila kipande kingekuwa tofauti na mwenzake, ganda peke yake lingehitaji zaidi ya herufi milioni moja, nazo zisingeenea ndani ya ganda hilohilo linalojengwa. Kirusi kimelipa gharama ya kipande kimoja na kukirudia mara 2,130. Ulinganifu si urembo, ni ubahili.

Tena vipande hivyo havihitaji msimamizi. Mwaka 1955 Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walitenganisha RNA na protini za kirusi hiki, kisha wakazichanganya tena kwenye majimaji. Vijiti vilijijenga vyenyewe na vikaweza kuambukiza.

Njia ya pili ya kubana matumizi ni kujenga umbo linalokaribia mpira, lenye nyuso 20 za pembetatu zilizo sawa. Ni umbo linalofunika nafasi kubwa kwa kurudia vipande vichache. Ganda la polio lina protini nne tu, kila moja ikirudiwa mara 60. Virusi vya polio, vya homa ya kawaida ya mapua na vya chunjua za ngozi vinafuata mtindo huu. Vipo vinavyounganisha viwili kuwa pacha, kama vile vya batobato ya mihogo. Kirusi cha Ebola ni uzi unaojikunja, na cha ndui kilikuwa na umbo la tofali. Na kile chenye kichwa cha pembe, mkia na miguu sita myembamba, ambacho kila kitabu cha shule hukichora kana kwamba ndicho sura ya virusi vyote, hakimwambukizi mtu hata kidogo: kinashambulia bakteria peke yao.

Tuje kwenye vazi la nje, ambako imani potofu ni nyingi. Virusi vya UKIMWI, mafua, UVIKO-19, Ebola, surua na kichaa cha mbwa vina utando wa mafuta juu ya kapsidi. Havikuutengeneza. Vilipokuwa vinaundwa vilijisukuma kupitia utando wa seli, wa nje au wa ndani, na kuondoka na kipande chake, vikiwa vimeshachomeka protini zao juu yake. Watu wengi hudhani kirusi chenye mavazi mawili ni kigumu kuliko chenye moja. Kwa kawaida ni kinyume. Utando ule ni mafuta, na sabuni kazi yake ni kutawanya mafuta. Utando ukipasuka, zile protini za nje za kushikia seli huondoka nao, na kilichobaki hakiwezi kuingia popote. Spiriti nayo huharibu utando huo.

Virusi visivyo na utando, kama polio, rota na noro, havina mafuta ya kuyeyusha. Ganda lao la protini huvumilia asidi ya tumbo, ndiyo maana vinaweza kusafiri kwa maji na chakula na kuanzisha ugonjwa utumboni. Kitakasa mikono cha spiriti hakiviwezi vizuri vingi vya aina hii. Kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka bado kunasaidia, lakini kwa sababu tofauti: havifi, vinaondolewa kwenye ngozi na kuteremka na maji. Kwa hiyo waliosema sabuni inaua kirusi fulani na waliosema kitakasa hakifui dafu mbele ya kingine hawakuwa wakipingana; walizungumzia mavazi mawili tofauti. Kanuni hii ina vighairi vyake. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kina utando, lakini huweza kubaki na uwezo wa kuambukiza juu ya kitu kikavu kwa siku saba au zaidi.

Protini za nje ndizo zinazoamua kirusi kitaingia wapi. Zinatakiwa zishikane na molekuli mahususi zilizo juu ya seli, zinazoitwa vipokezi. VVU hushika kipokezi cha CD4, kinachopatikana hasa kwenye aina fulani ya seli nyeupe za damu zinazoongoza kinga ya mwili, na ndiyo sababu ugonjwa wake ni kuporomoka kwa kinga na si, tuseme, kuharisha tu. Kirusi cha UVIKO-19 hushika kipokezi cha ACE2, ambacho kiko kwenye njia ya hewa na sehemu nyingine kadhaa za mwili.

Hapa panajibiwa pia hofu ya zamani kuhusu mbu na UKIMWI. Mbu akinyonya damu yenye VVU, kirusi hakipati ndani yake seli ya kuingia. Kinasagwa tumboni pamoja na damu. Virusi vya dengi na homa ya manjano ni habari nyingine. Vinaingia kwenye seli za mbu, vinazaana humo na kufika kwenye tezi zake za mate, ndipo anapokuwa na cha kumwambukiza mtu anayefuata. Haihusu wingi wa damu wala ukali wa ugonjwa. Inahusu nani ana kipokezi.

Kwa mantiki hiyohiyo, kirusi cha kichaa cha mbwa kinaweza kumwambukiza mamalia karibu yeyote, na cha ndui kiliweza binadamu tu. Kukosa mnyama wa kujificha ndani yake ni mojawapo ya sababu zilizowezesha ndui kutangazwa mwaka 1980 kuwa imetokomezwa duniani.

Ndani ya ganda ndiko tofauti zilizo kubwa kuliko zote. Viumbe vyote vyenye seli hutunza maelekezo yao kwa DNA ya nyuzi mbili. Virusi vimejaribu kila mpango: DNA ya nyuzi mbili, kama ndui na hepesi, DNA ya uzi mmoja, RNA ya nyuzi mbili, kama rota, na RNA ya uzi mmoja, kundi lenye majina mengi tunayoyasikia kwenye taarifa za habari. Mwaka 1971 David Baltimore alipendekeza kuvipanga kwa swali moja: kirusi hiki kinapitia njia gani hadi kupata RNA ambayo ribosomu za seli zinaweza kuisoma? Polio, dengi na korona hubeba RNA inayosomeka papo hapo. Mafua, surua na Ebola hubeba nakala iliyo kinyume, isiyosomeka, kwa hiyo lazima viingie na kimeng'enya chao, yaani protini inayofanya kazi ya kemikali, cha kuigeuza. VVU hufanya jambo ambalo hadi 1970 wengi waliliona haliwezekani: hunakili RNA yake kuwa DNA, kisha huipachika DNA hiyo ndani ya DNA ya seli. Kuanzia hapo mchoro wa mgeni umo katika daftari la karakana yenyewe. Dawa za kufubaza VVU huzuia nakala mpya zisiendelee kusambaa, lakini haziwezi kwenda kufuta ukurasa huo. Mtu akiacha dawa, virusi hurejea.

Sasa lile swali la surua na mafua. Maelezo yanayotolewa kwa haraka ni kwamba virusi vya RNA hunakiliwa kwa makosa mengi, kwa hiyo hubadilika upesi. Ni kweli kwamba vimeng'enya vyao kwa kawaida havirudi nyuma kukagua kazi. Korona, zenye herufi karibu 30,000, ni miongoni mwa vichache vyenye ukaguzi. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu surua nayo ni ya RNA, tena ya aina ileile iliyo kinyume, na makosa inafanya vilevile. Tofauti iko kwenye protini za nje. Za surua zikibadilika kwenye sehemu ambazo kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, huzitambua, kirusi hupoteza uwezo wa kushika vipokezi na kuingia kwenye seli, kwa hiyo nakala zenye mabadiliko hayo hufa bila kuacha kizazi. Protini ya mafua iitwayo H huvumilia mabadiliko na kuendelea kushika.

Mafua yana hila nyingine. RNA yake haiko kwenye uzi mmoja mrefu, imegawanyika vipande vinane. Virusi viwili tofauti vikiingia seli moja, vipande huchanganyika, na kirusi kinachotoka kinaweza kuwa na mchanganyiko ambao kinga za watu hazijawahi kuuona. Kirusi cha mafua kilichoenea dunia nzima mwaka 2009 kilikuwa na vipande vilivyotokana na mafua ya nguruwe, ya ndege na ya binadamu. Herufi H na N zinazoandikwa kwenye habari, kama H1N1 au H5N1, ni namba za aina za protini mbili za nje za kirusi hicho, si daraja la ukali.

Baada ya hayo, suala la antibayotiki linajieleza. Penisilini huharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria. Kirusi hakina ukuta. Doksisaiklini hukwamisha ribosomu za bakteria. Kirusi hakina ribosomu, kinatumia za kwako, ambazo dawa hiyo imechaguliwa makusudi isiziguse. Daktari akimwandikia antibayotiki mgonjwa wa mafua, inaweza kuwa ni kwa sababu bakteria wameingia mapafuni baada ya virusi kuyadhoofisha, na hiyo ni maradhi ya pili. Dawa za virusi zenyewe hulenga vile vitu vichache ambavyo kirusi huja navyo, kama kile kimeng'enya cha VVU cha kugeuza RNA kuwa DNA. Kwa kuwa kila kundi la virusi lina vifaa vyake, dawa ya hepesi haitibu mafua, na ya mafua haitibu homa ya ini. Kirusi cha tetekuwanga huongeza ugumu mwingine: mtoto akipona, kinabaki kimelala kwenye mishipa ya fahamu bila kutengeneza kitu chochote cha kulengwa, na miaka mingi baadaye kinaweza kuamka kama mkanda wa jeshi.

Kwa kusoma haya mtu anaweza kudhani virusi vyote viko vitani na binadamu. Vingi havijui kama tupo. Mililita moja ya maji ya bahari kwa kawaida ina virusi takriban milioni 10, na vingi vyao huwinda bakteria, vikirudisha baharini chakula kilichokuwa kimefungwa ndani ya seli hizo. Na si vyote vilivyotuingia vilituletea hasara. Karibu asilimia 8 ya DNA ya binadamu ni mabaki ya virusi vya jamii ya VVU vilivyojipachika kwenye mbegu au mayai ya mababu zetu wa zamani sana, vikarithiwa. Mengi ya mabaki hayo yamechakaa na hayasomeki. Baadhi hayajachakaa: kwa mfano, protini ya sinsitini, ambayo zamani ilikisaidia kirusi kujiunganisha na seli, sasa hutengenezwa kwenye kondo la nyuma, ambako inaunganisha seli kuwa tabaka moja kati ya damu ya mama na mtoto. Panya na kondoo nao wana protini za kazi hiyo, ila walizipata kutoka kwa virusi vingine, kila ukoo kwa wakati wake.